Kazi ya Kuachwa Katikati: Biashara ya Nyumbani Ukiwa na Kichanga

Mwanamke aliyeajiriwa Tanzania akijifungua, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijaliwa mapacha. Akirudi kazini, mwajiri anatakiwa kumwachia hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Anayepika vitumbua uani kwake Mbagala, anayeshona sare za shule Tandika, anayeuza madera na mashuka kwa simu, hao sheria hiyo haiwafikii. Mwajiri ni yeye, mfanyakazi ni yeye. Likizo ataipata akiinunua kwa fedha yake, tena mapema.

Mwongozo huu ni wake. Wa kumtia moyo wapo tele mitandaoni na kwenye semina; hapa tutazungumza hesabu, jiko, simu na mtoto.

Inunue likizo kabla ya uchungu

Fungua daftari uandike jambo moja: biashara yako inaingiza nyumbani shilingi ngapi kwa siku? Usiandike mauzo. Ukiuza vitumbua vya 30,000, na mchele, nazi, mafuta, sukari na mkaa wa kesho vikataka 20,000, basi jibu lako ni 10,000. Sasa zidisha kwa siku utakazopumzika. Siku 40 ni shilingi 400,000. Ukianza kuweka mimba ikiwa na miezi minne, mbele yako zimebaki siku kama 150, yaani unahitaji kutenga takriban 2,700 kila siku. Ukitaka siku 84 kama za mwenzako mwenye mwajiri, unatafuta 840,000, sawa na 5,600 kwa siku. Hesabu ya pili ikikushinda, shika ya kwanza wala usishuke chini yake. Arobaini ya mzazi haikuwekwa kwa kubahatisha. Hata kliniki humwita mama kwa mara ya mwisho baada ya kujifungua siku ya 42, baada ya kumwona ndani ya saa 48, siku ya 7 na siku ya 28.

Fedha hiyo iwekwe mahali ambapo mkono wako mwenyewe haufiki kwa urahisi. Kibubu cha mbao kilichopigwa misumari kinafaa kwa asiyejiamini. Kama upo kwenye VICOBA, uliza mapema mfuko wa jamii unatoa nini kwa mwanachama aliyejifungua, kwa sababu vikundi vingi vina kipengele hicho na wanachama wengi hukumbuka msiba tu. Ukiweka kwenye simu, tumia laini nyingine. Na mtaji wa kurudia biashara usiuhesabu humo. Mtaji ukae peke yake, umalize arobaini bila kuguswa, maana siku utakayotaka kuwasha jiko tena hakuna atakayekukopesha mchele kwa kuwa una mtoto mzuri.

Miezi miwili kabla, nunua vitu visivyooza: maboksi ya keki, mifuko, lebo, uzi, zipu, vifungo. Unga na karanga usivirundike, vitaingia wadudu ukiwa bado unakandwa maji ya moto. Wakati huohuo acha kupokea advansi za oda za mwezi wa kujifungua. Mtoto huweza kuja wakati wowote kati ya wiki ya 37 na ya 42, hayo ni majuma matano ya kutojua, na keki ya harusi ya mtu haiwezi kuning'inia humo.

Nikiiacha sasa hivi, kitaharibika nini?

Mama wengi hurudi kwenye kazi wakijiuliza watapata wapi muda. Muda upo, shida ni kwamba hujui utakatika saa ngapi. Mtoto hangoji umalize kuchota, analia mwiko ukiwa mkononi. Kwa hiyo kabla ya kupanga ratiba yoyote, pitia kila kazi ndogo ya biashara yako na uiulize swali moja: nikiiacha sasa hivi, kitaharibika nini?

Kuna kazi ambazo jibu lake ni "hakuna". Kufungasha karanga, kubandika lebo, kukunja nguo za kupiga picha, kutia vifungo, kujibu wateja, kuandika daftari. Hizi ni kazi zako za mchana, mtoto akiwa pembeni kwenye mkeka. Zipo zinazovumilia kidogo, na nyingine hata hunufaika na kusubiri: unga wa chapati uliokandwa ukifunikwa nusu saa unalainika zaidi, mchele wa vitumbua unataka kulowekwa, siagi na sukari za keki zinaweza kukaa kwenye bakuli ukaenda kunyonyesha ukarudi. Lakini baking powder ikishakutana na maji au maziwa, saa imeanza kuhesabu; mchanganyiko huo uende kwenye oveni, usingoje mtoto acheue.

Halafu zipo kazi zisizokatika kabisa. Kukaanga chochote. Kuchemsha shira ya visheti au sukari ya ubuyu. Kukata kitambaa cha mteja. Kuyeyusha nta ya batiki. Kanuni ya hizi ni moja na sitaki kuilegeza: kazi isiyokatika haifanywi ukiwa peke yako na mtoto. Lazima nyumbani kuwe na mtu mzima mwingine ambaye kwa muda huo kazi yake ni mtoto tu. Mafuta ya maandazi yako kwenye nyuzi 180 hivi. Hayangojei urudi chumbani, na wewe ukirudi mbio na kichanga begani ndipo ajali inapotokea.

Tuchukue vitumbua, kwa kuwa ndiyo biashara ambayo watu wengi husema haiwezekani na kichanga. Mchele unauloweka mchana, kazi hiyo haikatizwi na kilio cha mtu. Jioni unasaga na tui, hamira na iliki. Kwa joto la Dar es Salaam mchanganyiko ukiulaza usiku kucha mezani utachachuka, kwa hiyo punguza hamira au uweke kwenye friji. Kazi isiyokatika ni moja tu, kukaanga, nayo inachukua saa moja na nusu. Iweke saa 11 hadi saa 12 na nusu alfajiri, baba akiwa bado hajaondoka, umeshamnyonyesha mtoto kabla ya kuwasha jiko. Kama baba ni wa kuondoka saa 10 usiku kwenda Kariakoo, au hayupo, basi saa yako ya kukaanga ni ile ambayo mdogo wako au jirani anaweza kuja, hata ikiwa ni saa 10 jioni. Uza vitumbua vya jioni. Watu hunywa chai jioni pia.

Fundi cherehani ana unafuu mkubwa, ila tu akitenganisha kukata na kushona. Kata nguo zote za wiki siku moja, Jumamosi kwa mfano, dada au mama akiwepo. Kila nguo iliyokatwa itie kwenye mfuko wake pamoja na uzi, zipu, vifungo na karatasi ya vipimo yenye jina la mteja. Baada ya hapo kushona kunakuwa kazi ya kukatika: mshono mmoja, mtoto, mshono mwingine, mtoto. Bila mifuko hiyo utatumia nusu ya muda kutafuta mkono wa kushoto wa blauzi ya mtu. Mtoto akishakaza shingo unaweza kumfunga mgongoni kwa mbeleko ukakanyaga cherehani bila taabu. Pasi ya mkaa, hapana.

Zipo biashara ambazo ninashauri ziwekwe kando mwaka mzima. Sabuni ya kostiki ni ya kwanza. Kostiki soda inaunguza ngozi, na mtoto akiramba kidogo inaunguza koo. Kuificha juu ya kabati hakutoshi kwa sababu vumbi lake na matone yake hubaki kwenye sakafu ileile atakayotambaa. Batiki iko karibu yake, kwa nta ya moto na dawa za rangi. Kama ndiyo riziki yako pekee, itoe nje ya nyumba: kodi uwanja wa mwenzako siku mbili kwa wiki, oga na badili nguo kabla ya kumshika mtoto. Chumba kimoja cha kulala, kupikia na kutia rangi hakifai.

Siku yenye vipande

Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na wiki za mwanzo kunyonya kwenyewe kunaweza kula nusu saa au zaidi. Ukitoa hapo nepi, kumcheulisha, kufua, na wewe kula, unachobakiwa nacho mchana ni vipande, vingi havifiki saa moja na nusu. Kwa hiyo usihesabu kazi kwa siku, hesabu kwa vipande. Ukijiona una vipande vitatu vya uhakika kati ya asubuhi na magharibi, pokea oda za vipande viwili. Cha tatu kitaliwa na homa, mgeni, au umeme kukatika.

Ule usemi wa "mtoto akilala na wewe lala" una ukweli wake wiki sita za kwanza, na wakati huo ufuate bila ubishi. Baadaye ukiufuata kila mara hutafanya lolote, na ukiupuuza kila mara utaugua. Njia ninayoiona inafaa ni kugawa: usingizi wake wa asubuhi ni wa kazi, wa mchana ni wako, umelala kweli, simu ikiwa imezimwa sauti. Usiku usikubali uwe zamu ya pili ya kiwanda. Mama aliyeamka mara nne usiku hukosea chumvi, hukosea vipimo, hukosea chenji, na kosa la namna hiyo humeza faida ya wiki.

Tarehe za kliniki ziandikwe kwenye daftari la biashara, si kwenye kadi ya mtoto pekee. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha ya miezi 9 na ya mwaka na nusu, unazijua tangu siku ya kwanza, kwa hiyo hakuna sababu ya kupokea oda siku hiyo wala kesho yake. Watoto wengi hupata homa kidogo baada ya sindano na hawataki kushushwa chini.

Kuna siku lazima utoke, kwenda duka la jumla au kupeleka mzigo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apate maziwa ya mama peke yake miezi sita ya mwanzo, na biashara ndogo haipaswi kuwa sababu ya kumwanzishia uji mapema. Jifunze kukamua kwa mkono. Kliniki watakuonyesha, haihitaji mashine. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa hadi saa nne kwenye joto la nyuzi 25 au chini yake, na kwenye friji hadi siku nne. Mwezi Januari nyumba nyingi za Dar, Tanga na Mtwara zina joto kuliko hilo, kwa hivyo yasiyo na friji yawekwe kwenye chombo safi chenye mfuniko ndani ya kisanduku cha barafu. Mwachie anayebaki naye kikombe kidogo badala ya chuchu ya chupa. Kikombe huoshwa kwa urahisi, chupa hubeba uchafu kwenye kona zake, na mtoto aliyezoea chuchu ya chupa wakati mwingine hulikataa ziwa.

Ukiuza chakula, kuna jambo ambalo wateja hawatakuambia usoni: wanaangalia mikono yako. Nepi na unga haviwezi kukaa meza moja. Weka ndoo yenye bomba na sabuni mlangoni mwa jiko, vaa aproni ya kazi ambayo hunyonyeshei nayo, na mtu yeyote nyumbani akiharisha, ikiwa ni pamoja na wewe, asiguse chakula cha kuuza mpaka zipite siku mbili tangu kupona.

Mteja aliyezoea kugonga mlango

Faida ya kuuzia nyumbani ni kwamba hulipi pango la fremu. Hasara yake ni kwamba watu hudhani hufungi. Atakuja mtu saa 3 usiku kutaka maandazi ya watoto wa shule, atagonga geti mtoto akiwa ndiyo kwanza amelala. Bandika karatasi: tunauza kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana. Wiki ya kwanza watanung'unika, ya pili wataisoma. Kama unauza kwa simu, WhatsApp Business inakuruhusu kuweka ujumbe unaojijibu wenyewe usipokuwepo na orodha ya bidhaa zenye picha na bei. Itumie. Nusu ya meseji unazojibu kwa kidole kimoja huku unanyonyesha ni watu wanaouliza "bei gani?"

Oda zipokelewe siku tatu kabla, na nusu ya fedha ilipwe mwanzo. Huu si ukali. Mtoto akilazwa, wewe unajua fedha ya nani irudishwe. Na mteja aliyelipa nusu hawezi kukuambia Ijumaa usiku kwamba shughuli imeahirishwa. Anayesema "tunaaminiana" ndiye hasa wa kumwomba nusu.

Bei usishushe. Utasikia: "si uko nyumbani tu." Uko nyumbani, na mkaa ni uleule, na sasa kila kitumbua kimepikwa katikati ya mambo mawili. Ukitaka kumfurahisha mteja, mwongezee kimoja juu, ila bei iliyoshuka haipandi tena bila ugomvi.

Kupeleka mizigo, tafuta bodaboda mmoja au wawili mnaojuana, mkubaliane nauli za maeneo, nao wapitie kwako saa moja maalumu kwa siku. Dereva akija mara tano, mtoto ataamka mara tano. Na kwa wateja msiofahamiana nao, chagua mahali pa kukutania, kama duka la Mangi au kituo cha daladala, badala ya kumwelekeza mgeni hadi kwenye nyumba uliyo peke yako na kichanga.

Jambo moja zaidi kuhusu simu. Matapeli hutuma ujumbe unaofanana kabisa na wa muamala, halafu hupiga haraka haraka: nimekosea, nirudishie. Mama mwenye usingizi ndiye windo lao. Usiamini ujumbe, angalia salio. Ukitumia Lipa Namba, malipo ya biashara yanaingia mahali pake, hayachanganyiki na vocha na matumizi, na mwisho wa mwezi unaona ulichouza bila kukumbuka.

Nepi zinavyokula mtaji

Biashara nyingi za mama mzazi hazifi kwa kukosa wateja. Zinafia kwenye droo. Leo nepi 2,000, kesho dawa ya homa, keshokutwa wageni wamekuja kumwona mtoto wanataka soda, na kila mara mkono unaingia kwenye fedha ya biashara kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Hakuna senti iliyopotea, ila mwisho wa mwezi hakuna fedha ya mchele.

Jilipe. Panga kiasi, hata 3,000 kwa siku, hicho ni cha nyumbani na ukitumie utakavyo. Kingine kikitoka, kiandikwe kama mkopo wa nyumba kutoka biashara, kwa jina la aliyechukua. Ukiona umeandika jina lako mara kumi kwa wiki utajua tatizo liko wapi. Umeme nao uuhesabu: friji ya barafu na oveni hula LUKU, na kama mnachangia mita moja na wapangaji wenzako, kubalianeni nyongeza yako mapema kabla ugomvi haujahamia kwenye kamba ya kuanikia nepi.

Sasa la wenye ndoa. Kuna waume ambao mke akianza kuuza, hela ya matumizi hupungua kimyakimya: leo anaacha nusu, mwezi ujao haachi. Hakuna aliyetamka, ila vitumbua vimegeuka kuwa mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamweka mume kwenye wajibu wa kumtunza mkewe, na kipato cha mke si ruhusa ya kuuacha wajibu huo. Lizungumzeni mapema na kwa tarakimu: kodi ya nani, unga wa nani, kliniki ya nani. Kuongea baada ya miezi mitatu ya kinyongo ni kazi ngumu zaidi. Na baba anayesoma hapa, sheria ya ajira inakupa angalau siku 3 za likizo mkeo akijifungua, ambazo haziwezi kufanya mengi; lakini alfajiri ya kila siku unaweza kushika mtoto mafuta yakiwa jikoni, na ukipita Kariakoo unaweza kurudi na mfuko wa mchele. Huo ndio msaada wenye uzito.

Mikopo: mwaka huu kaa mbali na kausha damu. Mikopo hii hutolewa haraka, marejesho huanza karibu wiki ijayo, na kila wiki kuna mtu mlangoni. Kichanga kina wiki zake za homa, na hutaweza kuwaambia wasubiri. Watachukua friji, ambayo ndiyo kazi. Ukihitaji kukuza biashara, ziko fedha za halmashauri, asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambapo asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Hazina riba. Zilisimamishwa mwaka 2023 kisha zikarejeshwa kwa utaratibu mpya, kwa hiyo nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata uulize masharti ya sasa. Ila hata hiyo usiichukue mwezi wa kujifungua. Mkopo usio na riba bado unadai marejesho.

Kodi ni jambo fupi. TIN hutolewa bure na TRA, yeyote anayekuuzia anakuibia. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayafiki milioni 4 kwa mwaka halipi kodi ya makadirio, na akivuka hapo, mwenye daftari hukadiriwa kwa mauzo yake halisi ilhali asiye na daftari hupigwa kiasi kilichokwisha pangwa. Viwango huweza kubadilika bajeti mpya inapoanza kila Julai, kaulize. Ukianza kupeleka bidhaa madukani zikiwa zimefungwa, unga wa lishe au ubuyu kwa mfano, utahitaji alama ya TBS. Pitia kwanza SIDO, ambao tangu 1973 kazi yao ni wazalishaji wadogo kama wewe.

Mikono mingine

Bibi aliyekuja kulea uzazi amekuja kwa ajili yako na mtoto. Atakukanda, atakupikia mtori au uji wa pilipili manga, atakufukuza jikoni. Usimgeuze kuwa msaidizi wa maandazi siku ya kumi kwa kuwa unamwona yupo. Akijitolea mwenyewe kumshika mtoto saa ya kukaanga, shukuru, na umwekee chake pembeni, hata kama atakikataa kwa maneno.

Ukiajiri dada, ajiri mtu mzima, mweleze wazi kama kazi yake ni mtoto au ni biashara, maana akipewa vyote viwili kwa mshahara mmoja ataondoka mwezi wa pili na wewe utaanza upya. Binamu wa miaka 12 kutoka kijijini si suluhisho. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na zaidi ya sheria, mtoto hawezi kubebeshwa kichanga na sufuria ya mafuta.

Wageni ni neema, hasa wakija na kanga na sabuni ya unga. Mgeni akiuliza akusaidie nini, mpe mtoto, uende ukafungashe. Anayeondoka na vitumbua vya bure mwandike kwenye daftari kama wengine, walau ujue.

Na wewe mwenyewe ujiangalie. Kulialia siku chache baada ya kujifungua hutokea kwa wengi na hupita. Lakini huzuni, hofu au kutomtaka mtoto vikizidi wiki mbili, usiviite uchovu wa biashara. Hiyo huweza kuwa sonona ya uzazi, ina matibabu, nenda kituo cha afya useme hivyohivyo ulivyo. Damu nyingi, homa, kichwa kinachouma sana au kifua kinachobana haviwezi kungoja umalize oda.

Akianza kutambaa

Mtafika mwezi wa saba au wa nane na utakuwa umejipongeza kwamba umeweza. Hapo ndipo anaanza kutambaa, na mpangilio wote unavunjika. Kitu cha kwanza kuondoa ni ndoo na beseni zenye maji. Mtoto huzama kwenye maji ya kimo kidogo sana, kwa kimya. Jiko la mkaa lisiingie ndani kwa sababu yoyote, hata mvua ikinyesha, kwa kuwa moshi usioonekana wa mkaa unaua watu wazima, sembuse yeye. Pini, vifungo, sindano, karanga na mifuko ya nailoni viwekwe juu ya kimo cha mama yake. Fundi afagie kwa sumaku mara mbili kwa siku.

Kipindi hiki kazi za kukatika nazo hupungua, kwa sababu huwezi tena kumlaza pembeni ukabandika lebo. Lakini usingizi wake wa usiku kwa kawaida umerefuka na ameanza kula, hivyo kuna mkono mwingine unaoweza kumlisha. Pitia upya kila kazi ndogo ya biashara, uliza lile swali lako la kitakachoharibika tena. Majibu yatakuwa mengine.

Kila mwisho wa mwezi tazama mambo mawili, fedha iliyobaki na uzito wa mtoto kwenye kadi ya kliniki. Mstari wa kadi ukishuka au kulala, punguza oda kabla hujatafuta sababu nyingine. Fedha ikipungua miezi miwili mfululizo na wewe hulali, funga biashara kwa muda. Watangazie wateja tarehe ya kurudi, rudisha advansi zote siku hiyohiyo, hifadhi mtaji, funika cherehani au sufuria. Mteja aliyerudishiwa fedha yake bila kuidai ndiye atakayekuwa wa kwanza kukupigia ukifungua tena.